Plastiki ya ufukweni na sumu ya "mara milioni": ni ya kuogopwa kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mzazi wa watoto wawili, na kila mwisho wa mwezi huwa tunasafisha ufukwe pamoja na kikundi chetu. Juzi nimeona video ikisema kwamba vipande vidogo vya plastiki mchangani hukusanya sumu za baharini hadi mara milioni moja kuliko maji yenyewe. Nimeingiwa na hofu. Wanangu hucheza humo humo, na yule mdogo bado anatia kila kitu mdomoni. Je, ni kweli? Na samaki tunaowala je? Halafu takataka tunazokusanya huwa tunazichoma palepale. Wengine wanasema tunakosea. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo namba ya milioni si uzushi. Imetoka kwenye utafiti wa watu makini na inanukuliwa hadi leo. Tatizo ni kwamba waliotengeneza video wamechukua uwiano wakauuza kama kipimo cha sumu, wakati hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Nitakueleza tofauti hiyo kwa namba, maana bila namba mjadala huu huishia kwenye vitisho. Lakini nikupe kwanza jibu fupi, kwa kuwa mzazi mwenye hofu hana subira ya kusoma hadi mwisho: waache watoto wacheze. Sumu ambazo plastiki imezidaka kutoka baharini ndizo za mwisho katika orodha yangu ya hofu. Zile ilizotoka nazo kiwandani zina uzito zaidi. Na moto wenu wa mwisho wa mwezi ndio ningeanza kuuzima.

Tuanze na chanzo cha namba. Tukisema maikroplastiki tunamaanisha vipande visivyozidi milimita 5. Vingi ni mabaki ya vitu vikubwa vilivyopasuliwa na jua na mawimbi: mifuko, kamba za nyavu, vizibo, ndoo. Vingine vilizaliwa vidogo, na miongoni mwake ni punje za plastiki ghafi, zile za mviringo au bapa ambazo viwanda huziyeyusha kutengenezea karibu kila kitu cha plastiki. Humwagika viwandani, bandarini na melini. Ukiinama kwenye mstari wa mwani uliotupwa na maji ya bamvua unaweza kuziona zimejichanganya na vijiti: nyeupe, njano, nyingine za kahawia.

Kwamba plastiki ya namna hii hubeba kemikali, tumelijua kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1972 Edward Carpenter na wenzake waliripoti kuwepo kwa chembe za mviringo za polistirini katika maji ya pwani ya New England, Marekani, na wakakuta juu yake PCB, kemikali za viwandani nitakazozieleza hivi punde. Ila kipimo cha kina kilikuja mwaka 2001, kutoka Japani, katika utafiti wa Yukie Mato, Hideshige Takada na wenzao. Waliokota punje za polipropilini katika sehemu 4 za pwani ya nchi hiyo wakakuta PCB kati ya nanogramu 4 na 117 kwa kila gramu ya plastiki (nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu). Wakachukua pia punje mpya, ambazo hazijawahi kuonja bahari, wakaziloweka kwenye maji ya Ghuba ya Tokyo kwa siku 6, na kiwango kikawa kinapanda muda wote huo. Walipolinganisha plastiki na maji yanayoizunguka wakapata kwamba kemikali hizo zimejikusanya kwenye plastiki kati ya mara 100,000 na mara 1,000,000. Hapo ndipo milioni yako ilipozaliwa.

PCB, kwa asiyezijua, ni jamii ya kemikali za viwandani zenye tabia ya mafuta, zilizotumika sana kwenye transfoma na kapasita. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979, na Mkataba wa Stockholm wa 2001, unaodhibiti sumu zinazodumu kwenye mazingira, ukaziweka kwenye orodha yake ya kwanza pamoja na kiuatilifu cha DDT. Hazipatani na maji. Zikikutana na kitu chenye asili ya mafuta huhamia humo, na plastiki nyingi asili yake ni mafuta ya petroli. Kama umewahi kutia mafuta ya taa kwenye dumu la plastiki unajua ninachosema: utaliosha kwa sabuni, utalianika juani wiki nzima, na harufu bado imo, kwa sababu mafuta hayakuishia juu, yamepenya ndani ya ukuta wa dumu lenyewe. Si kila plastiki hupokea sawa. Zile ambazo molekuli zake zina nafasi ya kujinyoosha, kama poliethilini ya mifuko, hupokea nyingi. Ngumu kama PET ya chupa za maji hupokea kidogo. Chelsea Rochman na wenzake waliacha aina 5 za plastiki kwenye Ghuba ya San Diego kwa mwaka mzima, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 poliethilini na polipropilini ziliibuka na PCB nyingi kuliko PET na PVC, ile plastiki ya mabomba.

Sasa, mara milioni ya nini? Hilo ndilo swali ambalo video haikuuliza. Chukua punje yenye nanogramu 100 za PCB kwa gramu. Ukiligawa hilo kwa milioni, unapata kwamba maji yake yana takriban nanogramu 0.1 kwa lita. Yaani tumekizidisha mara milioni kitu ambacho karibu hakipo. Tena plastiki haiko peke yake katika mchezo huu. Mafuta ndani ya viumbe wadogo wanaoelea, mabaki ya mimea kwenye tope, ini la samaki, vyote huvuta kemikali hizo hizo kutoka kwenye maji hayo hayo kwa uwiano mkubwa vilevile. Hakuna anayetengeneza video ya kutisha kuhusu tope, ingawa kwa wingi wa PCB inayoshikilia, tope la bandari kongwe lina kesi kubwa kuliko plastiki yote ya ufukweni kwake.

Tumrudie mdogo wako anayetia kila kitu mdomoni. Punje moja ina uzito wa kama gramu 0.025. Ikiwa na nanogramu 100 kwa gramu, punje nzima ina nanogramu 2.5 za PCB. Tuseme amemeza punje 10 kwa siku moja, jambo ambalo sidhani utaliruhusu: hizo ni nanogramu 25. Tathmini ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 iliweka kiwango kinachovumilika cha PCB kuwa nanogramu 20 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, maisha yote. Kwa mtoto wa kilo 15 hizo ni nanogramu 300 kila siku. Kwa hiyo hata punje 10 hazifiki sehemu ya kumi ya kiwango hicho, na hapo nimejifanya kwamba kemikali yote inatoka kwenye plastiki na kubaki mwilini. Kwa kweli punje hupita tumboni na kutoka na sehemu kubwa ya mzigo wake.

Zipo punje chafu zaidi. Satoshi Endo na wenzake, mwaka 2005, walipima punje mojamoja badala ya kuzisaga pamoja, wakakuta kwamba zilizookotwa mahali pamoja hazifanani hata kidogo: kutoka chini ya nanogramu 28 kwa gramu hadi 2,300. Ukikutana na ile ya 2,300, punje nzima ina kama nanogramu 58. Ingebidi mtoto ameze 6 za namna hiyo kila siku ili apite mstari. Simaanishi umwache azile. Namaanisha kwamba ukimwona ameweka moja mdomoni, itoe, mnawishe mikono, mwendelee na siku yenu. Kukanyaga mchanga, kuuchimba, kujifukia ndani yake, hakuna tatizo lolote la PCB hapo. Na kama karibu na mnapochezea kuna mfereji unaotiririsha majitaka, huo ndio ungenifanya nihamishe watoto, hasa siku mbili tatu baada ya mvua kubwa.

Kuhusu samaki, hesabu imeshafanywa na watu ambao kazi yao ni kuwa waoga kwa niaba yetu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, mwaka 2016 ilichukua mlo wa gramu 225 za kombe wa baharini, ambao huliwa wazima na matumbo yao, ikakadiria kwamba mlo huo unaweza kuwa na mikrogramu 7 za maikroplastiki (mikrogramu moja ni nanogramu 1,000). Kisha ikachagua viwango vya juu kabisa vya kemikali vilivyowahi kupimwa kwenye plastiki, ikadhani kila kitu kinatoka. Matokeo: PCB anayoipata mlaji kutoka vyanzo vyake vyote ingeongezeka kwa chini ya asilimia 0.006. Kemikali za moshi na lami, ambazo wataalamu huziita PAH, chini ya asilimia 0.004. Bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, chini ya asilimia 2. Iweke akilini hiyo ya mwisho, nitairudia.

Ili uone ukubwa wa jambo kwa upande mwingine: sheria za Umoja wa Ulaya zimeruhusu minofu ya samaki kuwa na hadi nanogramu 75 za aina 6 za PCB kwa kila gramu. Kipande cha gramu 100 kinaweza kubeba nanogramu 7,500 na bado kikauzwa kihalali. Samaki huyo hakuipata PCB kwa kula plastiki. Aliipata kwa kula samaki wadogo, waliokula kamba, waliokula vijidudu vya maji, kila hatua mzigo ukiongezeka. Kwa samaki wa sahani yako, maswali ya maana ni haya: ametoka maji gani, ni mkubwa na mzee kiasi gani, ana mafuta mengi kiasi gani. Plastiki nyingi aliyomeza ilibaki matumboni, na matumbo uliyatupa.

Kuna jambo moja la fizikia ambalo hata wanafunzi wangu hulisahau. Kemikali hizi haziendi upande mmoja tu. Huhama kutoka mahali ziliposongamana kwenda mahali penye nafasi. Plastiki iliyotoka bandari chafu ikimezwa na samaki msafi, kweli itampa. Lakini samaki ambaye tayari amejaa PCB akimeza plastiki safi, plastiki ndiyo itakayomnyonya. Albert Koelmans wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, na wenzake walikusanya ushahidi wote huu mwaka 2016 wakahitimisha kwamba katika sehemu nyingi za bahari, kile ambacho viumbe hupata kupitia plastiki hufunikwa kabisa na kile wanachopata kupitia chakula na maji. Nakubaliana nao. Wapo wenzangu wasiokubali, na hoja yao bora ni kwamba bahari si moja: kuna fukwe ambazo plastiki imezidi viumbe, na kuna matumbo yasiyofanana. Maabara ya Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, ilionyesha mwaka 2014 kwamba katika mazingira yanayoiga tumbo la mnyama mwenye damu moto, kemikali hutoka kwenye plastiki hadi mara 30 kwa kasi kuliko kwenye maji ya bahari. Chuo hicho hicho, mwaka mmoja kabla, kiliwalisha minyoo wa mchangani chembe za PVC zilizopakwa kemikali. Minyoo walipokea kemikali na baadhi wakadhurika. Ila katika jaribio lilelile, mchanga uliopakwa kemikali hizo uliwapa minyoo nyingi zaidi kuliko plastiki. Nusu ya kwanza ya matokeo hayo ndiyo iliyosambaa.

Basi kwa nini nisikuambie tu kwamba hakuna tatizo? Kwa sababu ya kitu kilichokuwa kwenye ule utafiti wa Japani wa 2001 wenyewe, na ambacho hakikupata umaarufu wa milioni. Watafiti walipima pia nonilifenoli, kemikali inayoiga homoni ya kike mwilini. Kwenye PCB walihesabu kwa nanogramu, na ya juu kabisa ilikuwa 117. Kwenye nonilifenoli walihesabu kwa mikrogramu, na ya juu ilifika 16, yaani nanogramu 16,000 kwa gramu. Haya ni zaidi ya mara mia. Na maelezo yao yalikuwa kwamba sehemu kubwa ya nonilifenoli hiyo haikudakwa baharini; ilitoka kwenye viongezeo vya plastiki yenyewe.

Hapo ndipo napenda mazungumzo yahamie. Plastiki si kitu kimoja. Ni nyuzi ndefu za polima zilizochanganywa na dawa: za kuilainisha, kuizuia isishike moto, isipauke juani, kuipa rangi. Nyingi kati ya dawa hizo hazijafungwa kwenye polima kwa kifungo cha kemia. Zimekaa tu humo, na hutoka kidogo kidogo kadiri kipande kinavyopasuka na kuzeeka. Ripoti ya PlastChem ya mwaka 2024 ilihesabu zaidi ya kemikali 16,000 zinazohusishwa na plastiki, na zaidi ya 4,200 zikaonekana kuwa za kutia wasiwasi. Ndiyo maana kwenye hesabu ya EFSA bisfenoli A ilizipita PCB kwa mbali. Na ile asilimia 2 haipumziki: mwaka 2023 EFSA hiyo hiyo ilikipunguza kiwango inachokiona salama cha bisfenoli A kwa mara 20,000. Sumu za kale zilizodandia plastiki baharini tunazijua na nyingi zimeshapigwa marufuku. Za kiwandani bado zinatiwa leo.

Mfano ninaoupenda ni wa maboya ya Korea Kusini. Wafugaji wa chaza huko walitumia maboya ya polistirini nyepesi, ile nyeupe inayomung'unyika mkononi na kukwama kwenye mwani kama vipunje. Watafiti walikuta ndani yake HBCD, dawa ya kuzuia moto. Boya la kuelea baharini halihitaji kinga ya moto hata kidogo. Dawa imo tu kwa sababu imo. Kisha wakachunguza kombe waliojishikiza kwenye vitu mbalimbali: mwamba, chuma, plastiki nyingine na polistirini hiyo. Mwaka 2016 waliripoti kwamba walioishi juu ya polistirini walikuwa na HBCD nyingi kuliko wenzao. Hakuna safari ndefu ya bahari hapo. Mnyama amekaa juu ya chanzo, dawa inahamia kwake.

Ndege nao wana kisa chao. Kosuke Tanaka, Takada na wenzao walichunguza ndege 12 wa bahari kuu wa spishi ya Ardenna tenuirostris. Katika mafuta ya mwili, yale ya eneo la tumbo, ya ndege 3 walikuta dawa za kuzuia moto zenye bromini nyingi ambazo hazikuwamo kabisa kwenye samaki wanaoliwa na ndege hao, lakini zilikuwamo kwenye plastiki iliyokutwa matumboni mwao. Ndege hao pia huhifadhi mafuta ndani ya tumbo lenyewe la chakula, na majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba mafuta hayo huzitoa dawa kwenye plastiki kwa urahisi kuliko maji. Ushahidi wa namna hiyo ulisaidia. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliongeza kwenye orodha yake UV-328, dawa inayokinga plastiki dhidi ya jua, na mojawapo ya hoja zilizotolewa ni kwamba husafiri mbali ikiwa ndani ya taka za plastiki. Na ikiwa bado una shaka kama kiongezeo kinaweza kuua, mwishoni mwa 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walieleza kwa nini samoni aina ya coho walikuwa wakifa mitoni kila mvua inyeshapo: kiongezeo cha matairi kikikutana na ozoni hugeuka 6PPD-kwinoni, na samaki hao hufa ndani ya saa chache. Vumbi la matairi nalo ni maikroplastiki, ingawa halionekani kwenye picha za fukwe.

Ile tabia ya plastiki ya kudaka sumu haijapotea bure. Takada aliigeuza kuwa kipimo. Tangu 2005 mradi wake wa International Pellet Watch, wenye makao Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Tokyo, umekuwa ukiomba watu wa kawaida waokote punje kwenye fukwe zao, mia moja au mia mbili hivi, wazifunge kwenye karatasi ya aluminiamu na kuzituma kwa posta. Haihitaji barafu wala meli ya utafiti. Maabara huzichambua kwa mwanga wa infraredi ili kupata zile za poliethilini, kisha huchagua za njano, kwa sababu rangi hiyo hutokana na kuzeeka na punje iliyozeeka imekaa muda mrefu wa kutosha kudaka kilichomo majini. Kwa vile punje mojamoja hudanganya, hupimwa mafungu kadhaa na kuchukuliwa thamani ya kati.

Matokeo ya kwanza makubwa, ya mwaka 2009, yalihusu fukwe 30 katika nchi 17. PCB nyingi zaidi zilikuwa pwani za Marekani, kisha Ulaya Magharibi na Japani: nchi zilizozitumia sana viwandani miongo mingi iliyopita. Kusini mwa Afrika ilikuwa na PCB kidogo, lakini punje zake zilikuwa na HCH nyingi, kiuatilifu cha mashambani, ishara kwamba bado kilikuwa kinatumika. Vietnam ilijitokeza kwa DDT. Na hapa kuna uhodari: DDT ikikaa kwenye mazingira hubadilika kuwa DDE na DDD. Punje za Vietnam zilikuwa na DDT yenyewe zaidi ya mabaki yake, maana yake ilikuwa imemwagwa karibuni, na watafiti wakaihusisha na vita dhidi ya mbu wa malaria. Punje ya milimita 3 imekupa jina la sumu na umri wake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora ambayo punje hizi zimewahi kufanya.

Turudi mchangani kwenu. Vipo vitu ambavyo ningemkataza mtoto kuvigusa kabisa, na hakuna hata kimoja kilichotajwa kwenye video. Kwanza, magamba ya rangi ya boti. Rangi inayopakwa chini ya chombo imetengenezwa kuua viumbe wanaojishikiza, kwa hiyo ina shaba na zinki nyingi, na rangi za zamani zina madini ya risasi. Mahali boti zinapokwanguliwa si mahali pa mtoto anayetia vitu mdomoni. Pili, madonge ya lami, hasa yale yaliyonata vipande vya plastiki. Hayo yana PAH ambazo mtu huzipata kwa kugusa tu. Tatu, vipande vya plastiki ngumu vya zamani vyenye rangi nyekundu au njano kali, kwani baadhi ya rangi hizo zilitengenezwa kwa kadimi, metali yenye sumu.

Nne ni plastiki iliyoungua, na hapa ndipo tunafika kwenye moto wenu. Wanaowaambia mnakosea wana haki. Plastiki ya ufukweni imelowa chumvi, na chumvi ina klorini. Ukiongeza PVC kwenye rundo, klorini inazidi. Moto wa wazi hauna joto la kutosha kuiteketeza, na moshi wake hubeba dioksini, sumu kali zenye klorini. Vifaa vyenye dawa za bromini hutoa ndugu zake. Mnaovuta moshi huo ni ninyi mliosimama kuuzunguka, na siku hiyo moja mnaweza kupata uchafu ambao punje za mchangani zisingewapa kwa miaka. Halafu kinachobaki hakitoweki. Andrew Turner wa Plymouth alieleza mwaka 2019 mabonge ya plastiki iliyoyeyuka yaliyokutwa ufukweni Cornwall, yenye rangi na umbo la mawe ya kawaida mpaka uyanyanyue ndipo uhisi wepesi wake. Mengi yalikuwa na madini ya risasi na kromiamu. Na meli ya X-Press Pearl ilipowaka moto nje ya Colombo mwezi Mei 2021, ikamwaga takriban tani 1,680 za punje kwenye pwani ya Sri Lanka, zile zilizoungua zilikutwa na mchanganyiko mkubwa zaidi wa kemikali kuliko zilizotoka nzima, na rangi yake ya kahawia na nyeusi ilizifanya ziwe ngumu kuziona mchangani.

Kwa hiyo endeleeni kusafisha, bila kiberiti. Anzeni na vitu vikubwa: ndoo, kamba, maboya, shuka za nailoni. Kipande kimoja kikubwa kikiondoka leo hakitakuwa maelfu ya vipande vidogo mwakani, na vile vidogo vikishazama mchangani hakuna anayeweza kuvitoa bila kuharibu makazi ya wanyama wa humo. Vaeni glavu. Polistirini inayomung'unyika ichukuliwe mapema, siku isiyo na upepo. Chupa safi zinaweza kupata mnunuzi wa kurejeleza. Plastiki iliyopauka na kujaa chumvi kwa kawaida hakuna anayeitaka, nayo ifungwe kwenye magunia na ipelekwe kwenye dampo linalosimamiwa, siyo kuachwa juu ya ufukwe ikisubiri bamvua ijayo. Madonge ya lami na magamba ya rangi yatieni kwenye chombo chake peke yake, na waambieni wanaopokea taka ni nini.

Siku mkikuta punje ghafi nyingi mahali pamoja, nyeupe na mpya, zisizo na njano, msizifagie haraka. Punje mpya maana yake ni kwamba zimemwagika karibuni na pengine bado zinamwagika. Pigeni picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, andikeni saa na mahali hasa, okoteni konzi moja mfunge kwenye karatasi ya aluminiamu, kisha mtoe taarifa siku hiyo hiyo kwa mamlaka ya bandari na ile ya mazingira.